Shajara ya mradi: klachi kwanza, ndipo ufunguo

Januari. Kazi inayokusudiwa

Mradi unahusu magari ya gia za mkono yasiyo na dereva mmoja maalumu. Kuna vani za mizigo, matatu za abiria 14, pikapu na malori madogo, yote hulala yadi moja upande wa Changamwe, Mombasa, pua kwa mkia. Asubuhi la nyuma halitoki mpaka la mbele lisogezwe, na anayelisogeza ni yeyote aliye karibu na ufunguo: dereva, utingo, muosha magari, pengine mlinzi wa usiku. Bampa zimebonyea na ukuta wa yadi umejaa makovu. Sababu ni ile ile kila mara: gari lililazwa kwenye gia, aliyeliwasha hakukanyaga klachi, stata (mota ya umeme inayowasha injini) ikalirusha.

Stata ya injini ya petroli ya lita 1.5 ina nguvu ya karibu kilowati 1; ya dizeli ya lita 3 hufika kilowati 2 na zaidi. Nguvu hiyo ikipitia gia ya kwanza au rivasi inatosha kulisogeza gari lililopakiwa, hata kama hendibreki imevutwa nusu. Gari la petroli mara nyingi hurukaruka kisha likazimika. Dizeli ya pampu ya zamani ndiyo ya kuogopa, maana ikishika moto inaendelea kutembea mpaka ikutane na kitu.

Kazi ni mbili. Ya kwanza, kila gari liwe na swichi ya klachi: pedali isipofika chini, stata isizunguke. Ya pili, watu wote wa yadi wafuate utaratibu mmoja wa kuwasha, uwe mfupi kiasi cha kukumbukwa na mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri. Japani ililazimisha swichi hii kwa magari mapya ya gia za mkono mwaka 1999, kwa hiyo baadhi ya magari ya yadi yalikuja nayo. Lakini yamekwisha kupita mikononi mwa mafundi wa umeme. Ukichungulia chini ya dashibodi unakuta nyaya mbili za swichi zimesokotwa pamoja na kufungwa seloteipu. Swichi ilipokufa, fundi aliona ni rahisi kuiruka kuliko kununua nyingine.

Januari, mwisho wa mwezi. Tabia zilivyo

Kabla ya kugusa waya wowote tulitazama watu wanavyowasha, bila kuwaambia wanatazamwa nini.

Tabia inayoongoza kwa hatari ni kuwasha ukiwa nje ya gari. Magari yetu yana usukani kulia, na tundu la ufunguo liko kulia kwa nguzo ya usukani, yaani kiasi cha mkono mmoja kutoka dirishani. Utingo anasimama nje, anapitisha mkono, anazungusha. Mguu wake uko kwenye lami. Gari likiruka, yeye yuko pembeni ya tairi na mwenzake yuko mbele anachomoa kijiti cha kupimia oili.

Inayofuata ni kutikisa mkono wa gia mara moja na kuamini. Mkono ukiwa nyutro huenda kushoto na kulia kwa ulaini. Ukiwa kwenye gia hushikwa. Hiyo ni sahihi kwa gari jipya. Kwenye vani ambazo bushi za kebo za gia zimeliwa, mkono hucheza huku na huku hata ukiwa ndani ya gia ya pili. Kwa magari hayo kutikisa hakuthibitishi chochote, na dereva mgeni hawezi kujua kuwa gari hili ni la aina hiyo.

Wengi hukanyaga aksileta huku wakipiga stata. Ni urithi wa kabureta, ambapo kupampu mara mbili tatu kulikuwa na maana, kwa kuwa pampu ndogo ndani ya kabureta ilirusha petroli. Kwenye injini ya sindano za kielektroniki kompyuta ndiyo inayopima mafuta. Ukikanyaga mpaka chini wakati wa stata, magari mengi ya petroli hukata mafuta kabisa, kwa sababu huo ndio mtindo wa kukausha injini iliyolowa. Dereva anakanyaga zaidi, gari linakataa zaidi, analaumu pampu ya mafuta. Kwenye dizeli yenye tabo (feni inayoshindilia hewa kwenye injini), aksileta ya mapema ina gharama nyingine: tabo inazungushwa kasi kabla oili haijafika kwenye beringi zake.

Wapo wasiosubiri taa. Ufunguo unatoka mwisho hadi mwisho kwa mzunguko mmoja. Sekunde mbili au tatu kwenye ON zinaipa pampu ya petroli nafasi ya kujaza presha, na zinamwonyesha dereva kama taa ya oili na ya betri zinawaka. Taa ya oili isiyowaka kwenye ON haitaweza kumwonya chochote njiani.

Na kuna kuchelewa kuachia ufunguo. Injini imeshika, mkono bado umeng'ang'ania, stata inalia kama kinanda. Kinacholiwa hapo ni kifaa kidogo cha bendiksi kinachoruhusu meno ya stata kuzunguka huru injini ikiipita kasi. Siku moja kitateleza upande wa pili: stata itavuma, injini isizunguke.

Februari. Klachi au nyutro

Mjadala huu ulichukua muda mrefu kuliko tulivyotegemea, na ulistahili. Madereva wakongwe wa malori wanashikilia nyutro: weka nyutro, mguu mbali na klachi, washa. Waliofundishwa karibuni wanashikilia klachi. Kila upande una hoja ya kimakanika.

Ukikanyaga klachi, stata inazungusha injini peke yake. Usipokanyaga, hata kama uko nyutro, inazungusha pia shafti ya kuingilia ya giaboksi na meno yaliyozama kwenye oili. Nchi za baridi oili hiyo huwa nzito mpaka betri inahisi. Mombasa hoja hiyo ina uzito mdogo. Alfajiri ya Julai, wakati wa kusi, joto halishuki sana chini ya nyuzi 20, na oili ya giaboksi inatiririka. Anayefundisha klachi hapa kwa sababu ya oili nzito anafundisha sababu ya nchi nyingine.

Upande wa pili: ukikanyaga klachi, springi za presha pleti (bamba linalobana klachi) zinaisukuma kranki (shafti kuu ya injini) kuelekea mbele ya injini. Msukumo huo unabebwa na vipande vyembamba vya beringi vinavyoizuia kranki isicheze mbele na nyuma, na sekunde ya kwanza ya stata vipande hivyo vina utando tu wa oili iliyobaki jana. Wazee hawasemi uongo. Lakini muda ni mfupi na kasi ya stata ni ndogo, raundi 200 hadi 250 kwa dakika. Vipande hivyo huuawa zaidi na dereva anayekaa kwenye foleni ya Buxton akiwa gia ya kwanza, klachi chini, dakika nzima. Yeye anavisukuma kwa raundi 800, tena mamia ya mara kwa siku.

Uamuzi uliandikwa hivi: nyutro NA klachi, vyote viwili. Nyutro ni ya kulinda gari endapo mguu utateleza. Klachi ni ya kulinda watu endapo nyutro si nyutro. Mara injini inaposhika, mguu mwingine ukiwa kwenye breki, klachi inaachiwa polepole. Gari likijaribu kujongea, liko kwenye gia: mguu unarudi chini. Hicho ndicho kipimo cha nyutro kisichodanganywa na bushi zilizoliwa. Kisha mguu unatoka kwenye klachi kabisa, unakaa sakafuni.

Februari, mwisho. Pedali kabla ya swichi

Swichi ikifungwa kwenye pedali mbovu inalinda nusu. Ikiwa klachi haikati vizuri, pedali inaweza kufika chini, swichi ikafunga (ikapitisha umeme), na gari bado likaruka. Kwa hiyo kila gari lilipimwa pedali kwanza.

Mchezo wa bure: bonyeza pedali kwa kidole mpaka uhisi ugumu. Kwa Toyota nyingi unatakiwa uwe milimita 5 hadi 15. Ukiwa sifuri, beringi ya klachi inazunguka wakati wote na pleti (bamba la msuguano la klachi) inaweza kuteleza. Ukiwa mwingi, klachi haikati mpaka mwisho.

Sehemu ya kukata hupimwa gari likiwa na kabari mbele na nyuma ya tairi, hendibreki juu, injini kwenye mwendo wa kupumzika. Bila kukanyaga klachi, sogeza mkono taratibu kuelekea rivasi mpaka meno yaanze kulia, usilazimishe. Sasa kanyaga klachi polepole. Pale mlio unapokoma ndipo klachi imekata. Kutoka hapo hadi mwisho wa pedali zibaki milimita 25 au zaidi. Rivasi ndiyo inayotumika kwa sababu kwenye giaboksi nyingi haina singronaiza (kifaa cha kulinganisha kasi za meno) ya kuficha tatizo.

Magari kadhaa hayakufika 25. Sababu ziligawanyika mara mbili. Kwingine ilikuwa hewa kwenye mfumo: pedali laini, ukipampu mara mbili inapanda. Kwingine silinda ya chini, ile inayosukuma klachi kwenye giaboksi, ilikuwa inavuja. Inua kifuniko cha mpira cha silinda hiyo; ukikuta unyevu, imekwisha, usisubiri idondoshe. Mafuta ya klachi ni yale yale ya breki na yanavuta maji kutoka hewani, na hewa ya Pwani haina uhaba wa maji. DOT 3 mpya huchemka nyuzi 205. Ikishalowa kipimo chake kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Tulichagua DOT 4 kwa yote, ibadilishwe kila baada ya miaka miwili, au mapema ikigeuka rangi ya chai ya rangi. Maji hayo hayo ndiyo yanayochimba vishimo kwenye ukuta wa silinda na kuichana mipira.

Giaboksi zilizoshushwa kwa ajili ya klachi zilipimwa pleti kwa kina cha kichwa cha ribiti: chini ya milimita 0.3, pleti inatupwa. Flaiwili (gurudumu zito la injini ambalo pleti hubanwa juu yake) yenye madoa ya buluu imepikwa. Yenye nyufa nyembamba tu hupelekwa kukwanguliwa, yenye nyufa za kuingiza ukucha haifai.

Machi. Nyaya

Hapa ndipo maelezo yanahitajika kwa kina, maana swichi iliyofungwa ovyo ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Watu huiamini.

Swichi tuliyotumia ni ya kubonyeza, kwa kawaida iko wazi (haipitishi umeme), inafunga ikisukumwa na mkono wa pedali. Inakaa kwenye kibati chini ya dashibodi na ina nati mbili za kuirekebishia. Mahali pa kufunga ni milimita 10 hadi 15 kabla ya mwisho wa pedali. Ikifunga juu zaidi ya hapo, stata itazunguka kabla klachi haijakata. Ikifunga mwishoni kabisa, dereva mfupi, au mwenye kiti kilichorudi nyuma, atasema gari bovu.

Magari mengi ya Toyota tayari yana rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya stata. Waya wa ufunguo unaenda kwenye koili ya rilei, na rilei ndiyo inayopeleka umeme mkubwa kwenye solenoidi (sumaku-umeme ya stata). Kwa hayo swichi inaingia kwenye waya wa koili. Koili ya volti 12 ina ukinzani wa karibu omu 85, kwa hiyo umeme unaopita kwenye swichi ni ampea 0.14 tu. Swichi ndogo inabeba hiyo kwa miaka.

Magari yasiyo na rilei hupeleka umeme wa ufunguo moja kwa moja kwenye solenoidi. Solenoidi wakati wa kuvuta inakula makumi ya ampea. Ukiingiza swichi ndogo hapo itaungua ndani ya wiki chache, na ndiyo sababu nyingine kubwa ya zile nyaya zilizosokotwa. Kwa magari hayo tunaongeza rilei ya ampea 40. Mguu wa rilei wenye namba 30 unachukua umeme wa betri kupitia fyuzi ya ampea 30 na waya wa milimita za mraba 4. 87 unaenda kwenye solenoidi. 86 unapokea waya wa ufunguo kupitia fyuzi ya ampea 5 na swichi. 85 unafungwa kwenye bodi (chuma cha gari, upande hasi).

Kulikuwa na pendekezo la kuweka swichi upande wa bodi, kati ya 85 na chuma, kwa kuwa waya mmoja unaokoa kazi. Tulilikataa. Waya huo ukichunika na kugusa chuma, rilei inapata bodi yake bila swichi, gari linawaka bila klachi na hakuna anayegundua. Swichi ikiwa upande wa chanya, waya ukigusa chuma fyuzi ya 5 inakatika na gari haliwaki. Kwa kifaa cha usalama, kikiharibika kipige kelele.

Jihadharini na rilei zenye dayodi (kijenzi kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ndani. Ukibadilisha 85 na 86, dayodi inakuwa njia ya mkato na fyuzi inakatika mara tu ufunguo unapozungushwa. Fundi asiyejua anaongeza fyuzi mpaka kitu kiungue. Rilei zenye rezista ndani hazina upande, na ndizo tulizonunua.

Vipimo baada ya kufunga: betri iliyopumzika isome volti 12.6 au karibu yake. Wakati wa stata isishuke chini ya 9.6. Kati ya 30 na 87 rilei ikiwa imefunga, isizidi volti 0.2. Kati ya bodi ya injini na nguzo hasi ya betri wakati wa stata, isizidi 0.2 pia. Hiki cha mwisho ndicho kilichofeli zaidi. Chumvi ya bahari inakula waya wa bodi kutoka ndani ya lagi (kichwa cha waya). Kwa nje unaonekana mzima, ukiukata unatoa unga wa kijani.

Stata yenyewe isizidishiwe sekunde 10 kwa pigo moja, kisha ipumzike nusu dakika. Anayepiga mfululizo anaua betri na stata kwa pamoja, wakati tatizo huwa mafuta au plagi.

Aprili na Mei. Masika

Mvua zilileta malalamiko ya "gari limekataa klachi". Sababu ya kwanza kwa wingi: kapeti. Sakafu ikilowa, madereva huweka kapeti ya pili ya mpira juu ya ile ya kwanza, au boksi la katoni, na pedali inakosa zile milimita za mwisho. Swichi haikuguswa, kapeti za upande wa dereva zimebaki moja, imefungwa kwa ndoano. Chupa za maji chini ya kiti nazo zimepigwa marufuku, maana ikiviringika nyuma ya pedali ya breki hakuna swichi itakayosaidia.

Sababu ya pili ni unyevu kwenye plagi ya swichi. Dawa yake ni grisi ya viungo vya umeme ndani ya plagi, mpira wa kusinyaa kwa moto juu ya kila kiungo, na waya uning'inie kidogo chini ya swichi kabla ya kupanda, ili tone la maji lianguke badala ya kuingia. Viungo vya kusokota na seloteipu havikubaliki tena yadini.

Yalijitokeza pia magari yaliyowaka bila klachi baada ya fundi wa muziki kupita. Kutafuta waya wa radio, wamekata wa swichi, wakaunga wanavyojua. Kila gari linalotoka kwa fundi yeyote wa umeme sasa linapimwa kwanza: nyutro, hendibreki, kabari, klachi juu, ufunguo. Stata ikilia, gari halipokelewi.

Juni. Feri na kuanza kwenye mwinuko

Kivuko cha Likoni ndicho mahali palipotudai utaratibu wenyewe, zaidi ya swichi. Ndani ya feri wengi huzima injini, na kwa kuwa chombo kinatikisika, huacha gari kwenye gia pamoja na hendibreki. Ni sahihi. Kufika ng'ambo, kila mtu anawasha kwa pamoja, bampa ya mbele iko kiasi cha hatua moja, na watu wanapita kwa miguu katikati ya magari. Asiyekanyaga klachi hapo hana nafasi ya kujirekebisha. Baada ya hapo kuna mwinuko wa kutoka, na maji yakipwa mwinuko huo ni mrefu zaidi.

Utaratibu uliokubaliwa kwa mwinuko: breki ya mguu, klachi chini, nyutro, washa, achia klachi kupima. Klachi tena, gia ya kwanza, hendibreki juu. Petroli ipewe raundi 1,500 hivi. Dizeli haihitaji zaidi ya mwendo wake wa kupumzika na kidogo juu. Inua klachi mpaka sauti ya injini ishuke na pua ya gari ijaribu kupanda. Hapo simamisha mguu, teremsha hendibreki, kisha endelea kuinua. Anayeteremsha hendibreki kabla pua haijapanda atarudi nyuma. Anayeongeza mafuta badala ya kusubiri klachi ishike atanusa harufu ya pleti.

Kubalansi gari kwa klachi kwenye foleni ya mwinuko kumekatazwa, na hesabu yake inawashawishi madereva kuliko karipio. Gari la tani 2.5 kwenye mwinuko wa asilimia 10 linavutwa nyuma kwa karibu niutoni 2,450. Ukilishikilia kwa klachi kwenye gia ya kwanza, injini ikiwa na raundi ambazo zingelipeleka kilomita 7 kwa saa, klachi inageuza kilowati 4 hadi 5 kuwa joto, sawa na pasi nne za umeme zikiwa zimelazwa juu ya pleti. Dakika moja inatosha kuifanya ing'ae kama kioo, na pleti iliyong'aa inateleza hata ikiwa bado nene.

Kuanzia gia ya pili ni tabia ya matatu hasa, kuokoa mwendo mmoja wa mkono. Ikiwa gia ya kwanza inashikana kikamilifu kwenye kilomita 10 kwa saa na ya pili kwenye 18, joto linaloingia kwenye klachi kwenye njia tambarare linapanda kutoka karibu kilojuli 10 hadi 31 kwa kila kuanza. Mara tatu. Kwa gari linalosimama kila steji kutoka Mtwapa hadi mjini, jibu linapatikana kwenye bei ya klachi. Kushuka mteremko bila mzigo, gia ya pili haina ubaya, na hatukuona haja ya kuigombania.

Julai. Plagi za kupashia

Fupi. Dizeli za zamani zenye chumba cha mwako cha pembeni, kama injini za Toyota ziitwazo 3L na 5L, zinahitaji plagi za kupashia hata kwa joto la Mombasa, hasa zikilala usiku. Ngoja taa ya koili izime ndipo upige stata. Ikiwa injini inawaka kwa moshi mweupe na kutetemeka kwa sekunde kadhaa, chomoa kila plagi na upime ukinzani: nzima husoma karibu omu 1 au chini ya hapo, iliyokufa haisomi kitu. Moja iliyokufa hubadilishwa pamoja na nyingine zote, kwa kuwa umri wao ni mmoja. Kuongeza kupiga stata badala ya kubadilisha plagi ni kuhamisha gharama kwenda kwenye betri.

Agosti. Njia za kuipita swichi

Swichi iko kwenye waya wa ufunguo pekee. Kila njia isiyopitia ufunguo inaiacha nyuma, na watu wa yadi wameelezwa waziwazi.

Kwanza, bisibisi. Fundi anayeunganisha nguzo kubwa ya stata na mguu mdogo wa solenoidi anaizungusha injini bila kujali pedali. Ikibidi ifanyike kwa kupima, mkono wa gia unathibitishwa kwa kuinua tairi moja ya nyuma kwa jeki: kwa gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma, tairi hilo likizunguka kwa mkono bila kugeuza injini, ni nyutro. Kabari kwenye tairi za mbele, na hakuna mtu mbele ya bampa.

Pili, kusukuma. Swichi haizuii, na hiyo ni faida pale swichi inapofia barabarani. Ufunguo ON, gia ya pili, klachi chini, wasukumaji nyuma wala si pembeni ya mlango, gari lifikie mwendo wa mtu anayekimbia, klachi iachiwe kwa mkupuo na kukanyagwa tena mara injini ikishika. Gia ya kwanza haifai, kwa sababu inafunga tairi badala ya kuzungusha injini. Mpaka injini ishike breki ni ngumu, kwa kuwa hakuna msaada wa vakyumu, na usukani ni mzito. Kusukuma kwenye mteremko wa kuelekea watu hakuruhusiwi. Gari la petroli lenye kichujio cha moshi lisisukumwe mara nyingi: petroli isiyoungua inaingia kwenye kichujio na kukipika. Na betri iliyokufa kabisa, isiyowasha hata taa za dashibodi, haitawasha injini ya kompyuta hata mkisukuma hadi Mazeras.

Tatu, madereva wa magari ya porini wanaulizia kitufe cha kufuta swichi, kama kilicho kwenye baadhi ya Land Cruiser, ili gari lililokwama kwenye mto au kwenye reli litolewe kwa stata likiwa ndani ya gia. Kitufe kina maana kwa kazi ile. Kwenye yadi hii hakifungwi.

Septemba. Hali ilivyo na kinachofuata

Vani, matatu na pikapu zote zina swichi zinazofanya kazi na kila moja imepimwa kwa klachi juu. Kuwasha kupitia dirishani kumekoma bila ya mabishano, kwa kuwa hakuwezekani tena. Mkono wa utingo haufiki pedali. Mguu unaopumzika juu ya klachi barabarani bado upo. Tunautambua kwa pedali iliyong'aa upande mmoja na kwa beringi inayolia mguu unapogusa na kunyamaza unapotoka. Kwa huo hakuna swichi. Magari hayo yamewekewa kibao cha kupumzishia mguu kushoto kwa klachi, milimita 40 chini ya usawa wa pedali.

Yamebaki malori ya volti 24. Rilei ya volti 12 haiingii hapo, koili itaungua; zimeagizwa za volti 24, zenye koili ya omu 300 na zaidi. Yenye breki za upepo yatapimwa kwa mpangilio tofauti: kwanza presha ijae, ndipo hendibreki ya springi iachiwe, kwa hiyo lori linalowashwa likiwa kwenye gia linasukumana na breki iliyofunga na mzigo wote unaangukia klachi na shafti. Pedali za malori hayo zina silinda ya chini yenye msaada wa upepo, na mahali pa kukatia klachi panabadilika tangi likiwa tupu. Swichi yake itarekebishwa upepo ukiwa umetolewa kabisa kwenye tangi.